Nani Apime, Nani Aandike, Nani Ashukiwe: Historia ya Mnunuzi wa Unguja na Suala la Malipo Bila Keshia

1.0 Utangulizi

Mashine ya kujilipia humkabidhi mnunuzi kazi tatu ambazo kwa muda mrefu zilikuwa za muuzaji au keshia: kuitambulisha bidhaa kwa msimbopau, kupima ile isiyokuwa na msimbo, na kukamilisha malipo. Katika mijadala mingi, mnunuzi anayeikwepa mashine hiyo huelezwa kuwa ni mtu mzima asiyezoea teknolojia, na inatarajiwa kwamba muda utaliondoa tatizo. Insha hii inapinga maelezo hayo. Inajenga hoja kwamba mtazamo wa mnunuzi kuhusu kujihudumia hutokana na historia ya uhusiano wake na duka, na kwamba katika kisiwa cha Unguja historia hiyo imezunguka maswali matatu: nani anapima, nani anaandika hesabu, na nani anashukiwa hesabu isipolingana.

Fumba imechaguliwa kuwa mahali pa kuyatazama maswali hayo. Rasi hiyo ya kusini magharibi ya Unguja, iliyo kando ya Ghuba ya Menai, ni makazi ya muda mrefu ya wavuvi na wakulima. Baada ya Sheria ya Maeneo Huru ya Uchumi ya mwaka 1992, sehemu ya rasi ilitengwa kwa ajili ya uwekezaji, na tangu katikati ya miaka ya 2010 nyumba za mji mpya zimekuwa zikijengwa na kuuzwa kwa Wazanzibari na kwa wageni. Kwa hiyo, katika eneo dogo, duka la kijiji ambalo muuzaji hutoa bidhaa kwa mkono wake limekuwa jirani wa maisha ya mjini ambayo mnunuzi huchukua bidhaa mwenyewe rafuni. Majirani hao wawili hawajifunzi mambo yaleyale kuhusu uaminifu.

2.0 Duka la kaunta: kipimo na daftari

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ununuzi wa kila siku Unguja ulifanyika katika soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, na katika maduka madogo ya rejareja ya mjini na mashamba. Mengi ya maduka hayo yaliendeshwa na Wahindi, na huko mashamba pia na Waarabu wa Manga waliotoka Oman. Mnunuzi hakuigusa bidhaa. Aliitaja, muuzaji akaipima kwa kibaba au pishi, yenye vibaba vinne, au kwa ratili na mizani, kisha akaifunga na kuikabidhi. Ugomvi, ulipotokea, ulihusu kipimo. Pishi ya mfuto, iliyosawazishwa mdomoni, haikuwa sawa na pishi iliyojaa hadi kilele, na tofauti ya viganja viwili vya mchele ilitosha kumjengea muuzaji sifa njema au kumharibia.

Jambo la pili lilikuwa daftari. Mkulima wa karafuu alipata fedha kwa msimu, mvuvi kwa kutegemea bahari, lakini unga na mafuta ya taa vilihitajika kila siku. Pengo hilo lilizibwa kwa mkopo. Methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ilikuwa kanuni ya kazi kwa muuzaji; kwa mnunuzi asiyejua kusoma, hasa hati ya lugha ngeni, ilikuwa pia chanzo cha wasiwasi. Aliyeandika ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Deni la wakulima lilikua hadi likawa suala la serikali: kuanzia mwaka 1934 utawala wa kikoloni ulitunga sheria za kuzuia mashamba kupita mikononi mwa wadai, na hatua za mwaka 1937 za kuidhibiti biashara ya karafuu zilifuatiwa na mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi.

Hata hivyo, daftari halikuwa mzigo pekee. Lilikuwa pia ushahidi kwamba mtu anajulikana. Kuandikiwa deni maana yake ni kuaminiwa mbele ya watu, na muuzaji aliyekubali kusubiri alitambua kwamba mteja wake ana jina, ukoo na kipato, hata kama kipato hicho hakijafika. Uhusiano huo ulibeba heshima na utegemezi kwa pamoja, na ndiyo sababu ulipovunjika ulivunjika vibaya. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, wafuasi wa Afro-Shirazi Party walisusia maduka ya Waarabu na kuanzisha maduka yao ya ushirika. Machafuko ya Juni 1961 yaliua watu 68, wengi wao Waarabu wa Manga wa mashamba. Sababu za machafuko hayo zilikuwa nyingi, na duka peke yake haliyaelezi. Lakini katika vijiji ambamo kaunta ilikuwa mahali pa kukutana kila siku baina ya anayedai na anayedaiwa, siasa haikuhitaji kuutafuta mlango wa kuingilia.

3.0 Mgao: mnunuzi kama jina katika orodha

Uzoefu wa pili uliounda mtazamo wa mnunuzi ni mgao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mchele kutoka Asia ulipopungua, serikali ya kikoloni iligawa chakula kwa kufuata makundi ya asili ya watu. Mchele ulielekezwa zaidi kwa waliohesabiwa kuwa Waarabu na Waasia, huku Waafrika wakipangiwa zaidi nafaka nyingine, ingawa familia nyingi zilikuwa zimezoea wali vilevile. Kwa mara ya kwanza, alichokipata mtu dukani kiliamuliwa na safu aliyoandikwa kabla hajafika.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, biashara ya nje na ya jumla iliingia mikononi mwa dola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uingizaji wa mchele, unga na sukari ulipunguzwa kwa lengo la kujitegemea kwa chakula, na bidhaa hizo zikagawiwa kwa kadi. Foleni ikawa sehemu ya siku. Tanzania Bara nayo ilipitia Operesheni Maduka ya mwaka 1976, iliyokusudia kuyabadili maduka ya watu binafsi kuwa ya ushirika na ya vijiji. Katika mfumo huo mnunuzi hakuwa na nafasi ya kubishana kuhusu kipimo, wala hakuandikiwa deni. Alionesha kadi, akapewa kilichokuwepo. Mfumo ambao haukumdai kumjua mtu ungeweza kuonekana wa haki zaidi kuliko daftari la muuzaji, na kwa baadhi ya watu ulikuwa hivyo. Lakini haukuwa na wa kusikiliza udhuru. Biashara ilipofunguliwa mwaka 1984, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, bidhaa zilirudi, na pamoja nazo alirudi muuzaji wa kukopesha.

4.0 Kujihudumia kulikozaliwa mbali

Duka la kujihudumia lina asili tofauti. Mwaka 1916, mjini Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambamo wateja walichukua bidhaa wenyewe na kulipa mlangoni. Lengo lilikuwa kupunguza gharama za makarani. Mwaka 1974 msimbopau ulisomwa kwa mara ya kwanza dukani huko Troy, Ohio, na katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya CheckRobot ya David Humble ilijaribu mashine za kujilipia katika duka la Kroger karibu na Atlanta. Katika kila hatua kazi ilihama kutoka kwa mwajiriwa kwenda kwa mnunuzi.

Kilichohamia mahali pengine ni shaka. Keshia alipokuwepo, kosa la hesabu lilikuwa lake. Mashine ya kujilipia hulinganisha uzito wa bidhaa iliyowekwa mfukoni na uzito uliosajiliwa. Usipolingana, husimama na kumwita msimamizi, na mnunuzi hubaki akisubiri mbele ya watu. Watafiti Adrian Beck na Matt Hopkins wa Chuo Kikuu cha Leicester walionesha ugumu wa upande wa pili: mazingira hayo humpa anayeiba kisingizio cha kusahau, na hivyo mstari baina ya kosa na wizi hufifia. Duka la Booths la kaskazini mwa Uingereza liliamua mwaka 2023 kuziondoa mashine hizo katika matawi yake mengi, na mwaka 2024 Target ya Marekani ilizitengea wenye bidhaa 10 au pungufu. Nchini humo hapakosekani watu waliozoea teknolojia. Kwa hiyo maelezo ya ugeni wa teknolojia hayatoshi hata mahali ilipozaliwa.

Afrika Mashariki ilipokea supamaketi bila kupokea mfululizo huo wote. Uchumi ilianzishwa Kenya mwaka 1975. Upande wa Tanzania, Shoprite iliondoka mwaka 2014, na baadaye Uchumi na Nakumatt nazo zikafunga. Duka dogo la mtaani liliendelea kuwepo. Nguvu yake haikuwa bei pekee; liliuza sukari ya robo, mafuta ya kipimo kidogo na muda wa kulipa.

5.0 Simu kama keshia

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba mnunuzi wa Unguja hajawahi kujilipia. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza Tanzania mwaka 2008, na hasa malipo ya moja kwa moja dukani yalipoenea, mnunuzi amekuwa akiandika namba ya muuzaji, kiasi na namba yake ya siri kwa mkono wake. Kazi hiyo ni ya keshia, naye ameipokea bila kelele nyingi. Malalamiko makubwa yalipojitokeza, Julai 2021, yalihusu tozo ya miamala, si ugumu wa kubonyeza. Serikali iliipunguza mwaka huohuo.

Tofauti ya simu na mashine ya dukani inaeleweka kwa maswali matatu yaliyotangulia. Kwanza, kipimo hubaki kwa muuzaji, mbele ya macho ya mnunuzi. Pili, maandishi huwa ya pande zote mbili: ujumbe humfikia anayelipa na anayelipwa, jambo ambalo daftari la zamani halikuwahi kutoa. Tatu, hitilafu ikitokea, wawili husimama pamoja kuangalia simu, na muuzaji anaweza kusema, "Nenda, ukipata utaleta." Teknolojia imeingia bila kumwondoa shahidi.

6.0 Maana yake kwa Fumba

Kwa mkazi wa mji mpya anayelipwa mshahara wa mwezi na kununua kwa wingi, malipo bila keshia yanaweza kuwa nafuu: hakuna foleni, hakuna maswali, bei imeandikwa. Kwa mgeni asiyejua Kiswahili ni nafuu zaidi. Kwa mvuvi wa Fumba ya zamani, hesabu ni nyingine. Mashine haiuzi kwa kipimo kidogo anachokimudu siku bahari ilipochafuka, haikopeshi, na inaposimama humtaka athibitishe uaminifu ambao kwa muuzaji wa kijijini ulikwishathibitishwa na miaka. Kuna pia suala la ajira. Nafasi ya keshia ni miongoni mwa kazi ambazo kijana wa vijiji vya jirani anaweza kuzipata katika eneo la uwekezaji bila shahada, na kila mashine huigusa nafasi hiyo.

Hoja ya kinyume inastahili uzito. Daftari la muuzaji lilificha dhuluma. Kujulikana kuliwafaa wenye ukoo na kuwaumiza wageni na maskini wasio na mdhamini. Mashine haitazami asili ya mtu, na katika kisiwa kilichowahi kugawa mchele kwa asili, hilo si jambo dogo. Lakini usawa wa kutomjua yeyote hauondoi shaka; huisambaza kwa wote, na anayeumia zaidi ni yule asiyeweza kusoma haraka maelezo ya kioo wala kujieleza kwa msimamizi.

7.0 Hitimisho

Historia ya duka Unguja inaonesha kwamba wanunuzi wamebadili kipimo, sarafu na njia ya kulipa mara nyingi, na hawakuyakataa mabadiliko kwa kuwa ni mapya. Waliyapinga yalipowanyima uwezo wa kukiona kipimo, kuisoma hesabu au kujitetea. Kwa mtafiti wa biashara ya rejareja, matokeo yake ni ya kimbinu: dodoso linalouliza tu iwapo mashine ni rahisi kutumia litapata jibu sahihi kwa swali dogo. Swali lililobeba uzito wa historia ni nani atawajibika pale hesabu itakapokataa. Kwa wapangaji wa maduka ya Fumba, jibu la vitendo lipo tayari katika mazoea ya mahali hapo: malipo yanaweza kufanywa na mnunuzi mwenyewe, ilimradi abaki mtu wa kusimama naye, mwenye mamlaka ya kusahihisha na ya kusubiri.