Tarehe Nyingine: Nani Alishika Kalenda ya Aliyeachishwa Kazi

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, enzi za Waingereza, kalenda ya kibarua ilikuwa kadi. Waliiita kipande. Kilikuwa na nafasi 30, na kila siku ambayo mtu alimaliza kazi aliyopangiwa, alitiwa alama katika nafasi moja. Alama zikitimia 30, mshahara ulitoka. Siku aliyougua, au aliyoshindwa kutimiza mafungu ya majani aliyoagizwa kukata, nafasi ilibaki tupu. Jua lilizama kama kawaida, lakini kwa mujibu wa kipande siku ile haikuwapo, na mwezi wake ukasogea mbele.

Anayetaka kujua kwa nini shauri la aliyefukuzwa kazi hupigwa kalenda leo na aianzie hesabu kwenye kadi ile. Maswali ni yale yale. Nani anahesabu siku? Na siku iliyopotea inakatwa kwenye mfuko wa nani?

Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1923 kuhusu mabwana na watumishi wa Kiafrika ilimhesabu anayetoroka kazi kuwa mhalifu. Kwa aliyefukuzwa haikuwa na mengi ya kusema. Angeweza kwenda bomani kudai mshahara uliobaki au malipo ya notisi, basi. Hapakuwa na swali la kama alifukuzwa kwa haki, kwa hiyo hapakuwa na cha kuahirisha.

Hata maneno tunayotumia yana historia yake. Shauri, ambalo kwa asili ni kupeana rai, lilikuwa na nguvu kiasi kwamba Wajerumani walilibeba katika lugha yao ya kikoloni, wakaviita vikao vyao vya kusikiliza watu Schauri. Udhuru tuliuchukua kwa Waarabu pamoja na kuahirisha, neno lililo ndugu wa akhera, na wapo walioanza kuamini kwamba kesi yao itasikilizwa huko. Kalenda imetoka mbali zaidi. Kwa Warumi, kalendae ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi, siku ya kulipa riba za madeni, na kalendarium likawa daftari la mkopeshaji. Mtanzania anaposema kesi imepigwa kalenda, bila kujua analirudisha neno kwenye kazi yake ya kwanza: kuna mtu anadai, na kuna mtu anaambiwa asubiri.

Mabadiliko makubwa yalikuja na uhuru, na yalikuja kwa kubadilishana. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoanzishwa 1955 na ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu wake mkuu, lilikuwa limeifundisha nchi nguvu ya mgomo. Serikali mpya haikutaka kuishi na nguvu hiyo. Mwaka 1962 sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi ikaubana mgomo. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL ikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja, NUTA. Mfanyakazi aliyenyang'anywa silaha hiyo alihitaji ngao, na ngao yenyewe ikawa Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964. Kwa mara ya kwanza mwajiri alifungwa na orodha ya makosa na adhabu. Asingeweza kumfukuza mtu papo hapo kwa sababu ameamka vibaya.

Aliyeona ameonewa alikwenda kwenye Bodi ya Usuluhishi, ambako afisa kazi alikaa na wajumbe wa upande wa wafanyakazi na wa waajiri. Asiyeridhika alipeleka shauri kwa Waziri wa Kazi, na uamuzi wa waziri ulikuwa wa mwisho. Mahakama zilifungiwa mlango. Mwaka 1970, katika kesi iliyohusu shamba la mkonge la Kitundu, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilithibitisha kwamba madai ya namna hiyo hayakuwa ya mahakama tena.

Mpango huu ulinuiwa uwe wa haraka na rahisi, usiohitaji wakili. Lakini ulizaa aina ya ucheleweshaji ambayo haina hata jina. Bodi ilikuwa na tarehe, na tarehe inaweza kuulizwa. Waziri hakuwa nayo. Kwake hapakuwa na ukumbi wala karani wa kuita majina, yalikuwapo maandishi na meza. Faili likikaa, limekaa. Hakuna aliyeomba ahirisho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulipinga.

Walioshindwa kwa waziri walijifunza kuzunguka nyumba na kuingilia dirishani. Waliomba Mahakama Kuu, si isikilize madai yao ya kazi, bali ichunguze kama waziri au bodi walivuka mamlaka yao. Humo dirishani wakakutana na utaratibu mkongwe. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania ya 1966 ni mjukuu wa sheria ya India ya 1908, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1920. Amri yake ya 17 inaruhusu mahakama kuahirisha shauri ikionyeshwa sababu ya kutosha. Maneno hayo, sababu ya kutosha, yamebeba wagonjwa wa kweli, wagonjwa wa kujifanya, mashahidi waliosafiri, mafaili yasiyoonekana na mawakili wenye kesi mbili kwa saa moja.

Huko India wenyewe uvumilivu uliisha. Katika filamu ya Damini ya 1993, Sunny Deol, akiigiza wakili, anaifokea mahakama inayogawa tarehe juu ya tarehe, na maneno yake yakawa msemo wa mtaani. Mwaka 2002 yakaanza kutumika marekebisho yanayomzuia mdaawa kupewa maahirisho zaidi ya matatu wakati shauri likisikilizwa.

Uingereza ilikuwa imechukua njia nyingine kwa mashauri ya kazi. Haki ya kutofukuzwa isivyo haki ilianza kutumika huko tarehe 28 Februari 1972, na ikakabidhiwa mabaraza ambayo tume ya Lord Donovan, katika ripoti yake ya 1968, ilitaka yawe ya haraka, ya gharama ndogo na yasiyo na makuu. Haraka hiyo nayo ilikuja kumuumiza mtu. Mfanyakazi mmoja wa halmashauri ya Wandsworth, London, alileta maneno ya daktari kwamba msongo wa mawazo haumruhusu kuhudhuria. Baraza likakataa kumsubiri. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mtu ambaye ni lazima awepo ili haki itendeke, na ambaye hakukosekana kwa kosa lake, kwa kawaida asubiriwe hata kama kumsubiri kunawasumbua wenzake. Ila mzigo wa kuthibitisha kwamba kweli hawezi kuja ni wake mwenyewe. Miaka 14 baadaye kanuni zikakaza upande wa pili: tangu Aprili 2016, aliyekwisha kupewa maahirisho mawili hapati la tatu isipokuwa kwa sababu zilizotajwa, mojawapo ikiwa hali ya kipekee.

Tanzania, ilipoamua kufumua sheria zake za kazi, haikuangalia London. Iliangalia kusini. Tume ya usuluhishi na uamuzi ya Afrika Kusini ilikuwa imefungua milango Novemba 1996, miaka miwili baada ya ubaguzi wa rangi kuangushwa, na mtu akiisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ataona alama za vidole vya Wasauzi katika kurasa nyingi. Kilichozaliwa hapa ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wote huiita CMA, na kanuni zake zikatoka mwaka 2007. Waziri akaondoka katika mlolongo wa mashauri haya, na kalenda ikarudi mahali inapoonekana.

Sheria hiyo imejaa tarehe kama kuta za ofisi ya serikali. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro wake kwa Fomu Namba 1. Msuluhishi ana siku 30 za kuwapatanisha, ambazo haziongezwi ila wahusika wenyewe wakikubaliana kwa maandishi. Ikishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na akishamaliza kusikiliza ana siku 30 za kutoa tuzo. Asiyeridhika ana wiki sita za kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Msomaji makini ataona pengo. Kati ya siku mwamuzi anapoanza kusikiliza na siku anapomaliza, hakuna namba. Ahirisho linaishi humo.

Asubuhi ya kawaida huanza hivi. Saa tatu, kwenye benchi la korido, mlalamikaji amekaa na bahasha ya kaki: barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara, barua ya kuachishwa iliyokunjwa mara nyingi hadi mkunjo umetoboka. Kando yake yupo ofisa wa chama chake cha wafanyakazi. Upande wa pili yupo ofisa utumishi wa kampuni, peke yake, na karatasi moja tu mkononi. Mwenye macho ameshajua. Wakiitwa ndani, ofisa utumishi anasimama.

"Mheshimiwa, upande wa mlalamikiwa tunaomba udhuru. Wakili wetu ameitwa Mahakama ya Rufani. Hati ya wito tumeiambatisha."

Mwamuzi anaisoma, kisha anamgeukia mlalamikaji na kumuuliza kama ana pingamizi.

Hapo mlalamikaji anabanwa. Desturi ya mawakili na mahakama ni kwamba mahakama ya chini huipisha ya juu, kwa hiyo wito wa Mahakama ya Rufani ni udhuru mzito kuliko cheti cha hospitali. Anaweza kusema kwamba mara iliyopita shahidi wao alikuwa safarini, na mara ya kabla yake walikuwa hawajakamilisha nyaraka. Anaweza kutaja nauli. Mwamuzi anaandika yote. Swali linalobaki ni kama ataandika pia kwamba hili ni ahirisho la mwisho.

Si haki kuuchora upande mmoja tu. Mfanyakazi naye huomba tarehe nyingine: mashahidi wake bado wameajiriwa kwa bosi yule yule na ruhusa ya kutoka hawapati, au kielelezo anachokitaka kimo ndani ya kabati la kampuni. Hukumu iliyotolewa bila kumsikiliza mtu nayo hairuhusiwi. Katiba ya Tanzania ina yote mawili: ibara ya 13(6) inampa kila mmoja haki ya kusikilizwa kikamilifu, na ibara ya 107A inazikataza mahakama kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Asiyefika kabisa, bila udhuru, sheria ina lake: mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kutupwa, mlalamikiwa asipotokea, linaweza kuamuliwa bila yeye.

Lakini kinachoamua nani ataomba ahirisho, na mara ngapi, mara nyingi ni hesabu ya pesa. Kifungu cha 40 cha sheria ya 2004, kama kilivyoandikwa, kilimpa mwamuzi uwezo wa kumrudisha mtu kazini bila kupoteza mshahara wa kipindi chote alichokaa nje. Mwajiri aliyekataa kumpokea alitakiwa kulipa fidia ya miezi 12 juu ya mishahara iliyolimbikizana tangu siku ya kufukuza hadi siku ya malipo ya mwisho. Hapo kila tarehe mpya ilikuwa na bei, na bei ilikuwa ya mwajiri. Wakili mzuri wa kampuni alilijua hilo kabla hajaandika barua ya udhuru.

Kenya hesabu imekaa kinyume. Mahakama yake ya kazi, iliyoundwa 1964 na kuongozwa kwa miaka mingi na Saeed Cockar, ilikuwa ya migogoro ya vyama na waajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 ndiyo iliyomfungulia njia pana mfanyakazi mmoja mmoja, na Katiba ya 2010 ikaipandisha mahakama hiyo hadi daraja la Mahakama Kuu. Lakini fidia ya kuachishwa isivyo haki ina dari: mishahara ya miezi 12, hata shauri lichukue miaka sita. Tena sheria ya mahakama hiyo ya 2011 inasema amri ya kumrudisha mtu kazini itolewe ndani ya miaka mitatu tangu alipoachishwa.

Miaka mitatu ni siku 1,095. Shauri likifunguliwa mwezi wa nne, likatajwa mara mbili tatu, wakili akaugua, jaji akahamishwa, shahidi akasafiri, siku hizo zinayeyuka bila mtu yeyote kutoa uamuzi. Likifika siku ya 1,096, kiti alichokuwa akikidai mlalamikaji hakidaiwi tena, kimebaki kiasi cha pesa. Kila ahirisho katika mlolongo ule laweza kuwa lilikuwa na sababu ya kutosha.

Ndiyo maana, katika korido hizi, wazoefu humshauri mgeni asitoke chumbani na ahadi ya "mtaarifiwa". Adai tarehe. Mwamuzi anafungua shajara, wahusika wanatoa simu zao, wanapitia Jumatatu na Jumanne zilizojaa, hadi inapatikana siku inayowafaa wote. Inaandikwa kwenye jalada. Mlalamikaji naye anaiandika kwa kalamu juu ya bahasha yake ya kaki, chini ya tarehe nyingine tatu zilizokatwa kwa mstari.