Macho angani, miguu chini: miwani ya kuendeshea droni ilitoka wapi?

Wakaaji wa Goma waliuzoea mlio huo tangu mwisho wa mwaka 2013. Tarehe 3 Desemba mwaka ule, kwenye uwanja wa ndege wa Goma, MONUSCO ilirusha ndege yake isiyo na rubani mbele ya Hervé Ladsous, aliyekuwa mkuu wa shughuli za kulinda amani za Umoja wa Mataifa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kutumia droni zake wenyewe katika misheni. Ilitengenezwa Italia, inaitwa Falco, mabawa yake yanapita mita saba, na haikubeba silaha. Ilibeba kamera. Ukiwa shambani Masisi ama Rutshuru ulisikia injini yake kama pikipiki inayopanda mlima bila kufika.

Maswali yalianza siku ileile, na mpaka leo wahami wa vita wanauliza yaleyale wakisikia mlio juu ya shitingi: nani anaiendesha? Yuko wapi? Na mimi, ananiona?

Rubani wa Falco alikaa chini, ndani ya kontena, mbele ya skrini. Lakini siku hizi kuna rubani wa namna nyingine. Anasimama uwanjani ama anakaa kwenye kiti cha plastiki, amefunga usoni miwani mikubwa myeusi isiyopitisha mwanga. Hauoni uwanja. Hamwoni mtu aliye mbele yake. Anachoona ni kile tu kinachoonwa na kamera iliyo kwenye pua ya droni, kana kwamba yeye mwenyewe amekaa ndani yake. Ukimgusa bega anashtuka. Ili kuelewa ni nini kinachoruka juu ya vichwa vya watu, inafaa kujua miwani hiyo ilianzia wapi.

Hamu ya kuona kutoka juu ni ya zamani kuliko ndege. Mwaka 1858 Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Nadar alipanda na puto karibu na Paris akapiga picha kutoka angani. Mwaka 1907 mwuza dawa mmoja wa Ujerumani, Julius Neubronner, alitengeneza kamera ndogo ya kufungwa kifuani mwa njiwa. Njiwa alirushwa, kamera ikajipiga picha yenyewe njiani. Lakini picha hizo zote zilikuwa na shida moja: ulizitazama baadaye, puto likishashuka, njiwa akisharudi nyumbani. Kama njiwa hakurudi, hukuona kitu.

Kuona papo hapo kulingoja televisheni. Mwaka 1934 Vladimir Zworykin, mmoja wa waliovumbua televisheni, alipendekeza huko Marekani kombora la kuruka lenye jicho la umeme, ili mtu aliye mbali alielekeze kwa kutazama picha. Miaka kumi baadaye jambo lilitendeka. Mwaka 1944, katika visiwa vya Solomon kule Pasifiki, jeshi la majini la Marekani lilirusha ndege zilizoitwa TDR-1. Zilibeba bomu na kamera ya televisheni, bila mtu ndani. Aliyeziendesha alikaa katika ndege nyingine nyuma yake, akitazama skrini ndogo, akaiongoza ile ya mbele mpaka ikagonga shabaha ya Wajapani.

Hapa ni pa kusimama kidogo. Mara nyingi husemwa kwamba droni ya kamera ilikuwa mchezo mzuri wa vijana, kisha wanavita wakauiba. Historia inaonyesha njia nyingine. Rubani anayeona kwa jicho la mashine inayokwenda kulipuka alikuwepo mwaka 1944, kabla ya wazazi wa hao vijana kuzaliwa. Mchezo ndio ulioazima kutoka vita, na vita vikarudi kuchukua chake.

Skrini ilihamia usoni mwaka 1961. Kampuni ya Philco ya Marekani ilitengeneza kofia yenye skrini mbele ya jicho, na sumaku za kupima jinsi kichwa kinavyogeuka. Ukigeuza kichwa kushoto, kamera iliyo chumba kingine nayo inageuka kushoto. Shabaha yake ilikuwa kuchungulia mahali pa hatari bila kuingia. Ulikuwa mzigo mzito wa nyaya, na watu wa kawaida hawakuuona.

Miaka arobaini ilipita kabla vijana wa ndege za kuchezea hawajalifufua wazo hilo, kuanzia miaka ya 2000. Hawakuwa na kiwanda. Walichukua kamera ndogo za kulinda maduka, vitoa mawimbi vya televisheni, na skrini ndogo za kuvaa usoni zilizouzwa kwa kutazamia filamu, wakaunganisha kwa risasi ya kulehemu mezani. Wengi walirusha picha kwa mawimbi ya gigahezi 5.8, yanayofanana na yale ya waifai, kwa sababu yanahitaji antena fupi tu. Baadaye kampuni kama Fat Shark ya Greg French zikaanza kuuza miwani iliyokamilika.

Picha yao ilikuwa mbaya. Aliyewahi kutazama televisheni ya Birere kwa antena ya waya wa kuanikia nguo anaijua: mchanga, mistari, sura inapotea inarudi. Ila marubani hao waliipenda, na hawakuwa wajinga. Picha ya namna ile inapochakaa inakupa onyo. Mchanga ukizidi unajua umekwenda mbali mno, unageuza. Picha ya kidijitali ni safi sana mpaka inapoganda ghafla, na wakati huo umeshagonga mti.

Jambo la pili ni kuchelewa. Droni ya mashindano inapita kilomita 100 kwa saa, yaani inakula karibu mita 28 kila sekunde. Picha ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, rubani anaona mahali droni ilipokuwa karibu mita tatu nyuma. Ukuta anaodhani uko mbele, ameshaupiga. Ndiyo maana wahandisi walihangaika miaka mingi kupunguza kuchelewa huko mpaka kukawa sehemu chache za mia za sekunde.

Na jambo la tatu halikuwa la mashine, ni la tumbo. Macho yanaambia kichwa: tunapinduka. Maji ya usawa yaliyo ndani ya sikio yanasema: tumekaa kwenye kiti. Wanaoanza wengi hutoa jasho baridi, wengine hutapika. Pia aliyevaa miwani haoni mtoto anayekimbilia uwanjani, wala ndege nyingine inayokuja kutoka ubavuni. Kwa hiyo sheria za nchi nyingi, Marekani na Uingereza zikiwemo, zinadai awe na mwenzake kando asiyevaa kitu, anayetazama droni kwa macho ya Mungu aliyopewa na kumwambia.

Mwezi wa tatu mwaka 2016 dunia iliona kwamba mchezo umekua. Huko Dubai, mvulana wa Uingereza wa miaka 15, Luke Bannister, alishinda mashindano ya droni pamoja na timu yake, zawadi ikiwa dola 250,000. Wakati huo huo kampuni ya DJI, iliyoanzishwa Shenzhen nchini China mwaka 2006, ilikuwa imeshaleta sokoni Phantom, droni ambayo hata asiyejua kulehemu aliweza kuitoa kwenye katoni na kuirusha. Mwaka 2017 ikatoa miwani yake, na mwaka 2021 ikauza droni nzima ya kuendeshwa kwa miwani. Mwaka huohuo wa 2021, video moja kutoka Minneapolis ilizunguka dunia: droni ndogo inaingia mlangoni kwa ukumbi wa michezo, inapita kati ya miguu ya watu, nyuma ya mashine, inatoka, yote bila kukata picha. Wapiga filamu wakaelewa kwamba kile ambacho helikopta na kreni havikuweza, kijana mwenye miwani anaweza.

Amani ya kitu hicho haikudumu. Vita vya Ukraine vilipopamba moto kuanzia 2022, pande zote mbili zilichukua droni zilezile za mashindano, kila moja kwa dola mia chache, zikafungiwa kilipuzi. Rubani anavaa miwani, anaifuata gari au mtu, na picha inakatika pale inapogonga. Kuanzia 2024 nyingine zinavuta nyuma yake uzi mwembamba wa kioo wa kilomita nyingi, ili adui asiweze kuzivuruga kwa mawimbi. TDR-1 imezaliwa upya, safari hii inaingia katika mfuko wa mgongoni.

Na Kongo? Sisi Wakongo hatukuanzia Goma. Mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, jeshi la Ulaya EUFOR lilileta Kinshasa droni za Ubelgiji za kupeleleza. Mwezi wa kumi moja ilianguka mjini. Mtu mmoja alikufa na wengine wakajeruhiwa. Ilikuwa ya kulinda uchaguzi, haikuwa na bomu, na bado iliua. Falco za Goma nazo ziliingia kwa mabishano; Rwanda, iliyokuwa wakati huo katika Baraza la Usalama, ilikuwa na mashaka nazo kabla ya kukubali. Mwezi wa kwanza 2014 moja ikaanguka Goma bila kuumiza mtu. Lakini mwezi wa tano mwaka huohuo droni iliona mtumbwi uliopinduka katika ziwa Kivu, wanajeshi wa MONUSCO wakaitwa, na watu zaidi ya kumi wakatolewa majini wakiwa hai. Haki idai na hilo lisemwe.

Baadaye hali ilibadilika. Mwaka 2023 serikali ilipata kutoka China droni za CH-4, zenye uwezo wa kubeba makombora. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa. Jeshi la Kongo lilisema ni droni, likaishutumu Rwanda, na ndege za kiraia ziliharibika. Tangu hapo mtu akisikia mlio hajiulizi tena kama anapigwa picha. Anatafuta ukuta.

Turudi kwa swali la wahami: ananiona? Anaona, lakini kama vile anayeshuka na chukudu kutoka Kibumba akitazama kupitia bomba. Mbele panaonekana wazi, kando hapaonekani kabisa. Majani ya migomba yanamziba. Mama aliyebeba furushi na mtu aliyebeba bunduki iliyofungwa kitambaa, kutoka juu na kwa mwendo, wanaweza kufanana. Shitingi nyeupe anaiona vizuri sana. Waliolala chini yake hawaoni. Ndiyo sababu picha kutoka juu husaidia sana kuhesabu vibanda vya kambi baada ya mvua kubwa, na ni hatari sana inapotumika kuamua nani ni adui. Miwani ni ileile.

Sikio nalo linaweza kusaidia kidogo. Droni kubwa yenye mabawa huvuma kwa sauti moja nzito, ya pikipiki ama mashine ya kusaga, na mara nyingi haionekani. Ile ndogo yenye mapanga manne hulia juu kama nyuki waliochokozwa, sauti ikipanda na kushuka kila rubani anapoongeza moto, na muda wake angani kwa kawaida ni dakika, si masaa, kwa sababu batri inaisha. Ya harusi na ya kilipuzi hazitofautiani kwa mlio.

Ikiisha batri, au ikipoteza mawimbi, huanguka popote: shambani, juu ya bati, kwenye uwanja wa shule. Watoto hukimbilia kamera. Wasiiguse. Hata isiyobeba kitu ina batri ya lithiamu ambayo ikipondeka inaweza kuwaka muda mrefu baada ya kuanguka, na maji kidogo ya ndoo hayatoshi kuituliza. Watu wakae mbali, watoto wazuiwe, na mkubwa wa mtaa aambiwe mahali ilipo.