Pogoa, usiseme tu kata

Mugutha, kati ya Ruiru na Juja, nyumba zinajengwa kwa kasi na mikima, yaani migrevilea, inaegemea mapaa. Mafundi hufika kwa pikapu wakiwa na kamba, panga na msumeno wa injini, wakitaniana nani leo ataogopa kupanda. Mwenye nyumba huamuru, “Kata!” Neno hilo halitoshi. Kupogoa ni kupunguza matawi na kuuacha mti uishi. Kuangusha ni kuumaliza shinani. Kufyeka tuwaachie wenye nyasi na vichaka. Mkima, mgeni kutoka Australia, ukipogolewa huchipua tena, na matawi yake ni kuni nzuri. Basi kabla msumeno haujanguruma, mwambie fundi waziwazi: pogoa, au angusha.