Kodi, Arabuni na Kilemba: Majina ya Fedha za Mpangaji

Huko Msasani, katika Wilaya ya Kinondoni, mpangaji aghalabu hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa ufunguo, mbali na ujira wa dalali. Akighairi kabla ya kuhamia, huzuka swali: fedha zile ni za nani?

Kiswahili kina majina kadhaa ya malipo yanayotangulia, wala hayalingani. Kodi ni malipo ya kukaa. Asiyekaa ana hoja ya kuidai. Amana huwekwa tu, na mwenyewe hurudishiwa. Kilemba hutolewa ili mtu apewe nafasi ya kupanga, na mtoaji hatarajii kukiona tena. Arabuni, neno lenye asili ya Kiarabu, hutangulizwa ili kufunga mapatano. Juu ya hiyo wanazuoni wa Kiislamu walihitilafiana: Wahanbali walimruhusu muuzaji kuizuia mnunuzi anapoghairi, ilhali Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Waswahili, waliikataa, kwa kuwa ni kutwaa mali ya mtu pasipo badali.

Sheria ya Mikataba ya 1961, iliyofuata ile ya India ya 1872, ilileta kipimo kingine. Kifungu cha 73 humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Kwa kipimo hicho, mwenye nyumba aliyepata mpangaji mwingine baada ya wiki mbili, kwa kodi ile ile, ni vigumu kudai kwamba amepoteza kodi ya mwaka.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo uzito wa maandishi ya wahusika wenyewe umezidi. Lakini stakabadhi nyingi huandikwa “kodi” pekee, hata pale mpokeaji alipokusudia arabuni au kilemba. Shauri likifika mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoundwa kwa sheria ya 2002, kila upande hulifasiri neno hilo moja upendavyo.

Hivyo basi, tofauti za maana zilizohifadhiwa na lugha si pambo la kamusi. Zikipuuzwa katika stakabadhi, anayeumia kwanza ni yule ambaye fedha zake zimekwisha kutoka mkononi.