Baiti 512 kwa Zamu: Historia ya Kompyuta Zinazowashwa na Mtandao

Mnamo Septemba 2025 ilitimia miaka 40 tangu Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa kampuni ya Sun Microsystems watoe waraka wa BOOTP, itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iliyoiwezesha kompyuta isiyo na diski kuuliza mtandaoni anwani yake, seva yake na jina la faili la kujiwashia. Kazi ya kulileta faili hilo iliachiwa itifaki nyingine, TFTP, ambayo haipewi heshima inayostahili.

Waraka wa TFTP, ulioandikwa na Karen Sollins wa MIT mwaka 1981 kutokana na ubunifu wa Noel Chiappa, unaeleza kwamba itifaki hiyo ilikusudiwa kuwa ndogo na rahisi kuundwa. Faili hukatwa vipande vya baiti 512, na seva hutuma kimoja, ikangoja risiti ya mpokeaji kabla ya kutuma kingine, na nywila haiulizwi.

Udogo huo ulificha dosari iliyopewa jina la mwanafunzi wa mchawi, yule wa hadithi ya Ulaya aliyeupasua ufagio uliokuwa ukiteka maji, vipande vyote viwili vikaendelea kuteka. Kipande cha faili kilipochelewa njiani, seva ilidhani kimepotea ikatuma nakala. Mpokeaji alitoa risiti kwa vyote viwili, na kwa kuwa kila risiti ilichochea kipande kinachofuata, tangu hapo kila kipande kilitumwa mara mbili hadi faili liishe, huku mtandao uliokwisha kulemewa ukizidi kulemewa. Dawa ilikuwa sharti moja tu, kwamba risiti iliyojirudia isimfanye mtumaji atume tena. Sharti hilo liliwekwa katika waraka mwingine mwaka 1989, na ule wa TFTP yenyewe ukarekebishwa na Chiappa mwaka 1992. Miaka 11 kwa marekebisho ya sentensi chache ni mingi mno.

Itifaki ya DHCP ya Ralph Droms iliipanua BOOTP mwaka 1993, kisha PXE, kanuni za Intel za kuwasha kompyuta kwa mtandao, ikaufikisha utaratibu huo kwenye kompyuta za kawaida. Ingawa siku hizi mafaili makubwa hupakuliwa kwa HTTP, fundi anayeandaa maabara bado huelekeza DHCP kwenye seva ya TFTP, na akiacha humo faili la usanidi lenye nywila, yeyote anayeifikia seva hiyo na kulijua jina la faili hupewa bila kuulizwa.