Nchi jirani: Ujumbe unaovuka mpaka na sheria zinazoungoja

Ujumbe wa simu hauhitaji pasi ya kusafiria wala hausimami kwenye kituo cha forodha. Habari iliyoandikwa Uvira asubuhi huweza kusomwa Bujumbura, Kigoma na Kigali kabla ya adhuhuri, ikipitia mikononi mwa watu ambao hawakuiandika: jamaa, wafanyabiashara na majirani waliomo katika kikundi kimoja cha WhatsApp. Wengi huamini kwamba wa kuulizwa ni mwandishi wa kwanza peke yake. Sheria za nchi tatu zinazopakana na Burundi zinaonyesha kwamba imani hiyo ni kinga dhaifu.

Tanzania

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha habari akijua kuwa ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma. Adhabu iliyowekwa sheria hiyo ilipotungwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hapa sheria inatazama alichokijua mtu na alichokikusudia. Basi aliyekwisha kuambiwa na wenzake kwamba picha si ya kweli, kisha akaendelea kuisambaza, amejivua mwenyewe utetezi wake.

Rwanda

Sheria namba 60 ya mwaka 2018 inamgusa yeyote ambaye, kwa kujua, anachapisha kwa njia ya kompyuta uvumi unaoweza kuzusha hofu, uasi au ghasia miongoni mwa wananchi, au kumvunjia mtu heshima. Kifungo chake ni kati ya miaka 3 na 5, pamoja na faini ya kati ya faranga za Rwanda milioni 1 na milioni 3.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo

Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inasema wazi zaidi. Kifungu cha 360 kinawataja pamoja anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu na anayeipeleka mbele, na kinawawekea adhabu ileile: kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, faini ya faranga za Congo 500,000 hadi 1,000,000, au mojawapo kati ya hizo. Kusema "mimi nimetumiwa tu" hakumtoi mtu katika maneno ya kifungu hicho.

Sheria za namna hii zina wakosoaji wake. Watetezi wa uhuru wa habari wanasema kwamba neno kama "uvumi" lina mapana yanayoweza kumnasa hata mwandishi anayefanya kazi yake. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa mjini Kinshasa Septemba 2023 kwa mashtaka yaliyohusu kusambaza habari za uongo, akahukumiwa kifungo cha miezi 6 na kuachiwa Machi 2024. Mjadala huo unaendelea, lakini msafiri hana budi kuijua sheria ya nchi anayoingia. Aliyebaki nyumbani naye akumbuke kwamba Burundi ina sheria yake ya kuzuia na kuadhibu makosa ya mtandao, ya Machi 2022.

Madhara kabla ya mahakama

Mwanzoni mwa mwaka 2025, makumi ya maelfu ya watu walikimbia mapigano ya Kivu Kusini wakaingia Burundi, wengi kwa kuvuka mto Rusizi. Katika siku kama hizo, ujumbe wa uongo kwamba njia fulani ni salama unaweza kumpeleka mama na watoto wake mahali pa hatari. Picha ya mkimbizi iliyopigwa kwa huruma inaweza kumwonyesha anayemwinda mahali alipojificha. Ndiyo maana adabu ya kwanza ni kuomba ruhusa ya mwenye sura, na kwa mtoto, ruhusa ya mzazi au mlezi wake.

Namna ya kupima habari

WhatsApp huweka alama ya mishale miwili juu ya ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hupelekwa kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati mmoja. Mishale hiyo haithibitishi uongo. Inaonyesha tu kwamba aliyekutumia huenda hamjui aliyeandika. Tazama mabango, namba za magari na sare zilizomo pichani: je, ni za nchi inayotajwa? Mpigie mtu aliye mahali penyewe. Usipopata uthibitisho, ujumbe na ukome kwako.

Pesa na namba ya siri

Uongo mwingine hulenga mfuko. Nchini Tanzania umezoeleka ujumbe wa kitapeli usemao "ile hela tuma kwenye namba hii", unaomngoja mtu ambaye kweli anadaiwa. Kabla ya kutuma, mpigie mdai wako kwa namba yake ya zamani. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Mwenye laini ya Tanzania anaweza kupeleka ujumbe wa kitapeli kwa namba 15040, na kwa kupiga *106# akahakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lake.

Ukikosea

Aliyesambaza uongo bila kujua asifute na kunyamaza. Aandike sahihisho katika kikundi kilekile, na awaombe waliouchukua ujumbe wake walipeleke sahihisho hilo kote walikoupeleka. Aliyetukanwa au kutishwa naye asijibizane: ahifadhi ujumbe pamoja na tarehe na namba ya aliyeutuma, amfungie, kisha apeleke ushahidi huo polisi.