Kilichoonekana na Kisichoonekana: Picha za Wakimbizi wa Rwanda na Maamuzi ya Kisiasa, 1994–1996

Historia ya ukimbizi katika Maziwa Makuu huandikwa aghalabu kwa idadi ya watu na mipaka waliyovuka. Makala haya yanaanza na picha, kwa kuwa kati ya 1994 na 1996 yale yaliyoonekana katika runinga za dunia yalichangia kuamua nani asaidiwe, lini na kwa njia gani. Hoja kuu ni kwamba picha huamsha huruma bila kueleza chanzo cha mateso, na sera iliyojengwa juu ya huruma pekee hurithi kasoro hiyo.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha uhaba wa picha. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, wanahabari wa nje waliobaki Rwanda walikuwa wachache. Mkanda uliopigwa na Nick Hughes mjini Kigali ni miongoni mwa picha chache sana zinazoonyesha mauaji yenyewe yakitendeka. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza kikosi chake hadi watu wapatao 270. Serikali kubwa hazikukosa taarifa. Hata hivyo, uhaba wa picha ulipunguza gharama ya kisiasa ya kunyamaza.

Kipindi cha pili kilikuwa cha wingi wa picha. Mwishoni mwa Aprili, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa takriban siku moja. Julai, mamia ya maelfu wengine waliingia Goma, nchini Zaire, ambako kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yaliua takriban watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Safari hii kamera zilikuwapo, na misaada ikamiminika, ikiwemo ya jeshi la Marekani. Maisha mengi yaliokolewa. Lakini mtazamaji aliona ugonjwa, na ugonjwa hauna mshitakiwa. Katika picha, aliyeua na aliyekimbia kwa hofu ya haki walibeba furushi la namna moja. Ndani ya kambi, viongozi wa utawala ulioanguka, askari wake na wanamgambo wa Interahamwe walishika madaraka na kunufaika na mgao wa chakula. Kwa sababu hiyo, Novemba 1994, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kujiondoa kambini.

Kipindi cha tatu kilitawaliwa na picha ya kurudi. Tarehe 15 Novemba 1996, Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha kimataifa chini ya uongozi wa Kanada kiende mashariki mwa Zaire. Siku hizohizo, baada ya kambi kushambuliwa, misururu mirefu ya Wanyarwanda ilionekana ikirejea kwao kwa miguu. Picha hizo ziliwapa nguvu waliodai kwamba tatizo limekwisha, na operesheni ile ikaachwa. Waliokimbilia misitu ya magharibi hawakuonekana. Mauaji yaliyowapata yalielezwa kwa kirefu katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010. Desemba 1996, Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilitangaza kwamba Wanyarwanda walioko Tanzania warejee kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo napo, taswira ya kurudi ilifunika swali la hiari.

Leo picha husambaa kwa simu kabla mhariri hajaiona. Septemba 2015, picha ya mtoto wa Kisyria aliyekufa ufukweni Uturuki iliamsha Ulaya. Kufikia Machi 2016, Umoja wa Ulaya ulikuwa umekubaliana na Uturuki kuwarudisha huko waliovuka bahari. Kasi imeongezeka, lakini udhaifu ni uleule. Kwa washauri wa sera, funzo la Goma si kuidharau picha. Ni kuuliza, kabla ya kuamua, nani amebaki nje ya fremu, nani anatawala mahali palipopigwa picha, na uamuzi gani utasimama kamera zitakapoondoka.